Kichuguu cha Dani: Historia ya Uyoga Tuliouza kwa Mia Tano

Wiki iliyopita nilipakia picha ya uyoga: mweupe, mpana kama kisahani, umepasua udongo na kusimama wima baada ya mvua. Niliuona mahali fulani huku kwetu, na mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini sisemi wapi. Nilidhani ni picha tu ya kupitisha siku. Kumbe. Mmoja wenu akaniuliza swali ambalo nimetembea nalo wiki nzima: "Mbona uyoga huu hauonekani tena Otonglo? Tukiwa wadogo si ulikuwa kila mahali?"

Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jibu la kweli ni refu. Lina miaka milioni 25 ndani yake, na mwishoni nimo mimi mwenyewe, na simo upande mzuri.

Kwa hivyo vuta kiti. Leo ni historia.

Nyuma ya jikoni

Boma la dani liko upande wa juu wa barabara ya Kisumu kwenda Busia. Kama unapajua Otonglo, unajua zile ndege zinavyopita chini chini zikienda kutua, hadi watoto wanazipungia mkono. Nyuma ya jikoni ya dani, karibu na ua wa ojuok, kulikuwa na kichuguu. Sisi tunakiita bie. Kilikuwa kirefu kunishinda, na mimi si mfupi.

Kile kichuguu kilikuwa na kazi zake. Udongo wake ulikandwa na kusiribwa sakafu, ikawa ngumu na laini. Mvua ikinyesha jioni, ngwen walitoka, wale kumbikumbi wenye mabawa, nasi watoto tukakesha na taa na beseni. Na chwiri ikianza, yaani mvua ndefu, dani aliamka kabla ya jua akiwa na bakuli lake la bati, akazunguka nyuma ya jikoni, akarudi na obuolo.

Aliniruhusu kumfuata kwa masharti. "Nyakwara, usikanyage pale palipoinuka." "Nyakwara, usiuvute, uko na mzizi mrefu, kata hapa shingoni." Sharti la mwisho ndilo lililonikera zaidi: katika kila kundi lazima tuache baadhi. Hata kama ni mitatu, mmoja unabaki. Nilipomuuliza kwa nini tunaacha chakula kioze, alinijibu, "Huo una mama yake huko chini. Ukichukua wote atazaa nini?"

Nilicheka. Nilikuwa nimefundishwa shuleni kwamba uyoga hauna mama.

Nilipokuwa na miaka 15, baba mdogo aliamua kujenga vyumba vya kupangisha. Mji ulikuwa unatufuata kwa kasi, kila mtu anajenga, na kichuguu kilikuwa kimekaa mahali ambapo fundi alitaka vyumba viwili. "Hicho kitu kinakula ploti yangu," baba mdogo akasema. Akanipa jembe, jerikani ya oili chafu ya gari, na shilingi mia tano.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza ni kuvunja juu. Siku ya pili ni kumwaga oili na maji ya moto kwenye mashimo. Siku ya tatu nikamfikia malkia, mnene kama kidole gumba, nikamtoa. Pembeni mwake kulikuwa na vyumba vya duara, na ndani ya kila chumba kitu kama sifongo ya rangi ya kahawia, kina mikunjo kama ubongo, kimejaa vitone vyeupe vidogo kama punje za mtama. Sikujua ni nini. Nikavipiga jembe.

Dani hakusema neno. Lakini mvua iliyofuata alitoka alfajiri na lile bakuli, kama kawaida, mguu ukimpeleka wenyewe. Nilimwona kupitia dirishani. Alifika kwenye ukuta mpya, akasimama kidogo, akarudi. Akalifunika bakuli juu ya meza na kuwasha moto wa chai.

Hiyo ndiyo sehemu yangu. Sasa tuzungumze kuhusu kile nilichokivunja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kukijua miaka mingi baadaye.

Yule mama wa chini

Ile sifongo ya kahawia ni shamba. Simaanishi kwa mfano, wadau. Ni shamba kabisa.

Majani makavu, nyasi zilizokufa, vijiti na magome ni chakula kigumu sana. Ndani yake mna selulosi, na juu ya hiyo mna lignini, ile kitu inayofanya mti uwe mti usiiname kama mchicha. Wanyama karibu wote wanashindwa na lignini. Viumbe wanaoiweza vizuri ni kuvu, ndugu wa ukungu na uyoga. Mchwa wa vichuguu vyetu vikubwa walipata suluhu: badala ya kupigana na lignini wenyewe, wakamfuga anayeiweza.

Mchwa wafanyakazi wanatoka usiku kukusanya majani makavu na vijiti. Wanavitafuna, vinapita tumboni haraka bila kusagika vizuri, na kile kinachotoka wanakijenga kuwa lile sega lenye mikunjo. Kuvu inaota humo na kulainisha kila kitu. Vile vitone vyeupe ni sehemu ya kuvu hiyo, na mchwa wanavila. Sega likishaiva, wanalila pia. Ndani humo joto linakaa karibu nyuzi 30, mchana na usiku. Jirani yangu ana friji inayoshindwa kufanya hivyo.

Mvua ikija, kuvu inatuma shina refu kutoka kwenye sega, linapanda kwenye udongo mpaka juu, linafungua mwavuli. Huo ndio obuolo wa dani. Ule "mzizi mrefu" ulikuwa kamba inayoshuka hadi shambani. Na mama alikuwepo kweli.

Na lile sharti la kuacha mmoja? Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Kwa aina nyingi za mchwa hawa, ngwen wanaporuka kwenda kuanzisha makao mapya hawabebi kuvu. Wanaondoka mikono mitupu. Wafanyakazi wao wa kwanza wanapaswa kutoka nje na kuokota spora, yaani vile vimbegu kama vumbi vinavyomwagwa na uyoga uliokomaa. Ukichuma wote kijijini, kizazi kipya cha mchwa hakina cha kupanda. Wataalamu walihitaji maabara na vipimo vya vinasaba kuthibitisha jambo hilo. Dani alilisema kwa sentensi moja, nami nikaona ni hadithi za wazee.

Waliopewa sifa

Ukifungua vitabu, historia ya uyoga huu inaanza na wageni. Mwaka 1779 kuna Johann Gerhard König, aliyeandika kuhusu mchwa na kuvu zao huko India. Mwaka 1781 kuna Mwingereza Henry Smeathman, aliyekuwa amekaa Sierra Leone, akawaandikia wenzake wa London kuhusu vichuguu vikubwa vya Afrika na zile "nasari" zenye vitone vyeupe ndani. Halafu Mfaransa Roger Heim akaupa ukoo mzima jina mwaka 1942: Termitomyces, maana yake kuvu ya mchwa. Mwaka 1977 David Pegler wa bustani ya Kew, London, akachapisha kitabu kinene cha uyoga wa Afrika Mashariki, na mpaka leo wataalamu wanakifungua wakitaka kujua uyoga wa kwetu unaitwaje.

Sina shida na hawa watu. Walikaa chini wakachora, wakapima, wakaandika, na bila wao nisingekuwa na cha kuwasomea leo. Shida yangu ni kwamba mtu akisema uyoga huu "uligunduliwa" mwaka fulani, dani anageuka kuwa mtu ambaye hakuwepo. Alikuwepo. Mama yake alikuwepo. Hawakuwa na mchapishaji, basi.

Na kuna mtu wetu ambaye vijana wengi wa Kisumu hawamjui vizuri. Thomas Odhiambo alisoma Maseno, hapo tu juu yetu kwenye barabara hii hii. Akawa mtaalamu wa wadudu, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi. Wakati dunia ilitaka tu kujua jinsi ya kuua wadudu wa Afrika, yeye alisema kwanza tuwaelewe. Watafiti wa kituo chake walikaa Kajiado wakichunguza vichuguu vya mchwa kimoja kimoja, mpaka mashamba ya kuvu yaliyo ndani. Kama ningelijua jina lake nikiwa na lile jembe mkononi, labda ningeuliza swali moja kabla ya kumwaga oili. Labda. Mia tano ilikuwa pesa.

Sasa, ile miaka milioni 25 niliyowaahidi. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi likiongozwa na Eric Roberts lilitangaza walichokipata katika miamba ya bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania: viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, na ndani yake mashamba ya kuvu, masega yenyewe, yakiwa bado mahali pake. Umri wake ni miaka milioni 25 hivi. Ni ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo cha mdudu cha aina hiyo, na unakubaliana na hesabu za vinasaba zinazosema mambo haya yalianzia Afrika.

Fikiria hapo. Binadamu tumelima kwa miaka elfu kumi na kitu. Ukanda wetu huu ulikuwa na wakulima mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kushika jembe. Na jembe lile nililoshika mimi lilimaliza shamba kama hilo kwa siku tatu.

Hawa ni wachache tu

Nisije nikawadanganya kwamba uyoga wa kichuguu ndio peke yake. Huo ndio unaoonekana kwa sababu unaliwa. Kazi kubwa inafanywa na kuvu ambazo hazina jina la Dholuo wala la Kiswahili, na nyingine hazina jina lolote duniani.

Nenda chini ya mwembe wowote, ondoa majani ya juu, chukua lile jani la chini lenye unyevu. Liangalie juani. Utaona madoa meusi, nyuzi nyeupe, sehemu zilizobaki kama wavu. Hiyo si takataka, hiyo ni foleni. Wa kwanza wanafika hata kabla jani halijaanguka. Walikuwa wamejificha ndani yake likiwa bichi. Wanakula sukari na vitu laini. Wakimaliza, wanaingia wanaoweza selulosi. Wa mwisho ni wale wa lignini, wanaoacha jani jeupe na jepesi kama karatasi ya sigara. Kila mmoja ana zamu yake na sehemu yake: wengine wanapenda mshipa wa jani, wengine kikonyo, wengine aina moja tu ya mti. Ndiyo maana msitu wenye miti mingi una kuvu nyingi zaidi, na ndiyo maana msitu kama Kakamega ni hazina hata pale chini unapokanyaga.

Katika misitu ya joto kuna uyoga mdogo wa ukoo wa Marasmius unaotoa nyuzi nyeusi nyembamba kama nywele. Nyuzi hizo zinatanda kati ya matawi na kudaka majani yanayoanguka kabla hayajafika chini, yanaoza hewani. Ndege wengine wanachukua nyuzi hizo kujengea viota. Tunapita chini yake tukidhani ni buibui.

Na kwenye maji je? Sisi ni watu wa ziwa, lazima niulize. Mwaka 1942 C. T. Ingold aliandika kuhusu majani yaliyokuwa yanaoza kwenye kijito kidogo, alikokuta ulimwengu mzima wa kuvu za majini. Spora zao hazina umbo la duara. Nyingi zina mikono minne kama nanga, zinashika jani maji yakipita. Baadaye, mwaka 1958, alichapisha kuhusu kuvu kama hizo kutoka Uganda, hapo ng'ambo tu. Unataka kujua zinakaa wapi? Tazama lile povu linalojikusanya chini ya mawe ya kijito. Spora zinanaswa humo. Povu ambalo sisi tulikuwa tunapigana nalo tukienda kuogelea lilikuwa maktaba.

Kuvu hizo zinalainisha jani, wadudu wa majini wanakula jani lililolainika, samaki wanakula wadudu. Kwa hivyo ukiniuliza samaki anaanzia wapi, sehemu ya jibu ni jani lililooza huko vilimani Maseno likateremka na mto.

Kuna ngapi kwa jumla? Mwaka 1991 David Hawksworth alikadiria kwamba dunia ina aina milioni 1.5 za kuvu, watu wakaona amezidisha. Mwaka 2017, yeye na Robert Lücking wakapandisha: kati ya milioni 2.2 na 3.8. Zilizokuwa zimepewa majina wakati huo? Kama 120,000. Yaani hata katika kila ishirini, huenda tunaijua moja tu. Na nyingi ya zile zisizojulikana zinatarajiwa kuwa kwenye nchi za joto, kwenye majani na vijiti tunavyofagia kila asubuhi. Si mbali. Mwaka 1999 George Siboe wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake Kirk na Cannon waliandika kuhusu kuvu mpya kabisa walizozipata kwenye mimea adimu ya Kenya. Hizo zilikuwa hapa wakati wote, zikisubiri mtu aje na kioo cha kukuzia.

Somo la gugu maji

Wale wa umri wa wazazi wangu wanaikumbuka vizuri hii. Gugu maji lilionekana upande wetu wa ziwa karibu mwaka 1990. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika karibu hekta 17,000 za ghuba yetu ya Winam. Mitumbwi ilikwama, meli zilikwama. Mwaka 1997 fukusi wanaokula gugu hilo waliachiliwa upande wa Kenya, na baada ya mwaka ule wa 1998 likapungua sana. Limerudi mara nyingi tangu hapo.

Ninalitaja kwa sababu moja. Watu wengi wanadhani kuoza ni kuoza tu. Hapana. Jani likianguka kidogo kidogo, mahali penye hewa, kuvu zikapata zamu zao, linakuwa rutuba. Lakini tani na tani za gugu zikifa kwa pamoja na kuzama, kuoza kwake kunamaliza oksijeni ya maji, na samaki wanakosa pumzi. Kazi ile ile iliyokuwa ikilisha samaki inakuja kuwaua. Tofauti ni kiasi, mahali na wakati. Na rutuba iliyolishibisha gugu kwa sehemu kubwa ilitoka nchi kavu, udongo na mbolea na maji taka, kwa sababu huko juu tumeondoa kila kitu kilichokuwa kinaishika.

Tunachoondoa huku juu hakipotei. Kinateremka hadi ziwani.

Moshi wa asubuhi

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

Pita Otonglo saa mbili asubuhi Jumamosi yoyote. Kila boma lina moshi. Tumefundishwa kwamba boma safi ni boma lisilo na jani hata moja, kwa hivyo tunafagia majani, tunayarundika, tunayachoma pamoja na karatasi za nailoni. Halafu mwezi wa tatu tunakopa pesa kununua mbolea ya mfuko. Tunachoma mbolea, tunanunua mbolea. Sijui kama kuna biashara ya hasara kuliko hiyo.

Najua mtaniambia: majani yanaleta nyoka. Mchwa wanakula nyumba. Kweli, kuna mchwa wanaokula mbao za nyumba, na mtu ana haki ya kulinda nyumba yake. Sisemi tulale na mchwa. Lakini kazi yao kubwa ni majani na vijiti vilivyokufa. Huko Mpala, Laikipia, watafiti walionyesha mwaka 2010 kwamba vichuguu vilivyotawanyika kwa mpangilio vinaongeza uhai wa eneo zima: miti iliyo karibu navyo inastawi zaidi, na wadudu na mijusi wanakuwa wengi. Kichuguu kinafanya kazi ya mfuko wa mbolea ambao haujawahi kutumwa risiti.

Na lazima niseme ukweli mwingine, nisije nikaonekana malaika. Kodi ya vile vyumba viwili ndiyo iliyonilipia karo ya chuo. Simu ninayoandikia haya inatokana na ukuta ule. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto na kiwanja kidogo. Ningekuwa yeye labda ningefanya vile vile. Kinachonisumbua si kwamba tulijenga. Ni kwamba hakuna mtu aliyekaa chini akahesabu kilichokuwa upande wa pili wa mizani. Vyumba tulivipigia hesabu mpaka msumari wa mwisho. Kichuguu tulikihesabu sifuri.

Na hakirudi. Uyoga wa dukani unaoteshwa kwenye mifuko ya majani makavu, unanunua mbegu, unafuata maelekezo, unavuna. Huu wa kichuguu hautaki. Wataalamu wanaweza kuikuza kuvu yenyewe kwenye maabara, lakini kuufanya utoe mwavuli bila mchwa wake, kwa namna ambayo mkulima wa kawaida anaweza kuiga, bado ni mtihani. Ukiua mchwa umeua uyoga.

Wazee wetu waliita sarafu ya senti kumi otonglo, ile ya enzi ya ukoloni yenye tundu katikati. Kila nikiandika jina la mtaa wetu nakumbuka hilo. Miaka milioni 25 ya ukulima, na mimi nililipwa mia tano. Hata sikuomba niongezwe.

Basi tufanyeje?

Sina mradi, sina wafadhili, sina fulana za kuuza. Nina mambo matatu tu.

Kwanza, kama una kichuguu kwenye kiwanja na hakipo njiani mwa msingi wa nyumba, kiache. Kama kipo njiani, angalau uliza kama nyumba inaweza kusogea mita tatu. Swali ni bure. Mimi sikuliuliza.

Pili, majani yasichomwe. Tafuta kona moja ya boma, yarundike hapo, yamwagie maji ya kuoshea vyombo, yaache. Baada ya miezi michache chukua mkono mmoja unuse. Ile harufu ya mvua ya kwanza ndiyo hiyo. Nailoni weka kando, hiyo kuvu haziiwezi.

Tatu, na hili ndilo ninalowaomba zaidi: kaa na dani wako, au kukhu wako, au bibi, vyovyote unavyomwita. Muulize majina ya uyoga. Upi unaliwa, upi haugusiki, upi unatoka mwezi gani na kwenye udongo gani. Mimi nilianza mwezi uliopita na tayari daftari lina kurasa sita. Yako majina ambayo dani anayataja na sina hakika yanalingana na jina gani la Kilatini, na mengine ni ya uyoga ambao yeye mwenyewe hajauona tangu mama yangu azaliwe. Kurekodi hivyo hakurudishi kitu. Lakini angalau mtu akija siku moja kutafuta, atajua nini kilikuwa wapi. Na tafadhali, usile uyoga kwa kutazama picha zangu. Ule tu unaotambuliwa na mtu aliyeula miaka yote. Makosa ya uyoga hayana marudio.

Sasa, ile picha. Kuna kichuguu kimoja kimebaki, si kwetu. Mwenyewe ananijua na ameniruhusu, na nimemwahidi kwamba sitaweka mahali kilipo, kwa sababu nawajua nyinyi, kesho mtakuwa hamsini pale na mifuko. Nilimpeleka dani kwa boda boda, taratibu, akiwa ameshika lile bakuli la bati kwenye mapaja.

Tulikuta mitano. Akainama kwa shida, akanionyesha kwa kidole nikate shingoni. Nilikata mitatu, nikanyoosha mkono kwa wa nne.

"Nyakwara," akasema.

Nikauacha.

Jioni aliupika na karanga, tukala na kuon. Tulipokuwa tunakula ndipo nilipomwambia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, kwamba nilisikitika kuhusu kile kichuguu. Aliendelea kutafuna kidogo. Halafu akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini wewe ndiye ulichimba, kwa hivyo wewe ndiye uliona ndani. Mimi sijawahi kuona. Palikuwaje?"

Nikamweleza. Vyumba vya duara, sega lenye mikunjo, vitone vyeupe kama mtama. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Kumbe mama alikuwa hivyo."

Wewe dani wako alikuwa anachuma wapi? Niandikie jina la uyoga hapo chini, kwa lugha ya kwenu. Mahali usiseme.